Shamba linadai nini? Jibu kwa mama wa Luanda

Swali: "Nina nusu ekari hapa Luanda, kaunti ya Vihiga. Nilipoolewa tulikuwa tunavuna magunia 8 ya mahindi. Msimu wa mvua ndefu uliopita nimepata 3, na maharagwe debe moja. Kila mwaka napanda kwa mbolea ya DAP kilo 25. Mahindi yakiwa bado madogo majani yanageuka zambarau, halafu lile gugu la kayongo linachomoza. Mwanangu anasema mbolea ya dukani ndiyo imeua shamba, niiache nitumie ya ng'ombe peke yake (ninaye mmoja). Jirani anasema nimwage chokaa. Kwenye agroveti wananiuzia dawa ya kunyunyizia majani. Nimsikilize nani? Na ile mikaratusi ya jirani iliyo mpakani, yaweza kuwa ndiyo sababu?"

Mama, pokea salamu. Kabla sijamgusa mwanao wala jirani, tufungue daftari kwanza, kama lile la mwenye kioski anaposema, "Mama, tuangalie deni lako."

Gunia ni kilo 90, kwa hivyo magunia 8 ni kilo 720. Nikikadiria gramu 15 za naitrojeni, chakula kikuu cha mmea, katika kila kilo ya mahindi makavu, mavuno hayo yalitoka shambani na kilo 11 hivi za naitrojeni. Hizo ni punje tu. Mabua yalienda kwa ng'ombe. Maganda ya maharagwe, nina hakika, uliyachoma ukachuja jivu upate munyu wa kulainishia mboga, kama mama mkwe alivyokufundisha. Jivu hilo limejaa potasiamu, nayo imeishia kwenye sufuria ya kunde. Sasa geuza ukurasa. DAP ina naitrojeni asilimia 18, kwa hivyo kilo 25 zako zilirudisha kilo 4 na nusu. Hata miaka ile mizuri, shamba lilitoa zaidi ya mara mbili ya lilichopewa. Udongo ulikuwa unakukopesha. Sasa umefika mahali hauna tena cha kukopesha, na magunia 3 ndiyo barua ya kukuarifu.

Kwa hivyo mwanao amekosea, ila usimcheke, maana ameona kitu. DAP haiui shamba kama sumu, lakini huchachua udongo. Naitrojeni iliyomo ni ya aina ya amonia, na vijidudu vya udongo vinapoigeuza kuwa naitreti, asidi hubaki. Kisha mvua ya kwetu, ambayo Vihiga hukaribia au hupita milimita 1,800 kwa mwaka, huosha naitreti na kuondoka nayo pamoja na kalisiamu na magnesiamu, zile zinazozuia uchachu. Ongeza kwamba kila vuno hubeba kalisiamu yake, na kwamba udongo wetu mwekundu ni mzee uliooshwa tangu zamani za zamani. DAP ilisukuma gari ambalo tayari lilikuwa linateremka. Mimi mwenyewe nilipokuwa afisa wa kilimo kijana, nikipanda milima ya Bunyore kwa baiskeli, nilihubiri DAP kila baraza: mfuko mmoja kwa ekari, awe nani na shamba liwe wapi. Sikuwahi kumwuliza mkulima hata mmoja kama amepima udongo wake. Sehemu ya deni lako ni yangu.

Rangi ya zambarau ni dalili ya fosforasi kukosekana kwenye mmea. Utashangaa, kwa sababu DAP ndiyo mbolea iliyojaa fosforasi kuliko nyingi. Lakini udongo ukichacha sana, chuma na aluminiamu zilizomo huidaka fosforasi na kuishikilia kwa namna ambayo mizizi haiwezi kuichomoa. Unaweka chakula mezani, mwingine anakifungia kabatini. Aluminiamu yenyewe pia ni adui: uchachu unapopanda huyeyuka na kuchoma ncha za mizizi. Msimu ujao, mahindi yakiwa na majani sita hivi, chimba mche mmoja taratibu kwa jembe, usiung'oe kwa mkono, uusuuze kwenye karai. Mizizi yenye afya ni myeupe, mirefu, yenye vijinywele vingi kama ndevu. Ukikuta mifupi, minene kama vidole vya mtoto, ya kahawia kwenye ncha, na haina vijinywele, basi umeona kwa macho yako kile ambacho maabara itakuandikia kwa namba.

Na maabara lazima uende, kwa sababu hapa ndipo jirani anapoharakisha. Huenda amesema kweli kuhusu chokaa. Ila chokaa hupimiwa, haimwagwi kwa kuwa fulani alimwaga. Ukiizidisha, zinki na madini mengine madogo nayo hufungiwa, na utakuwa umeondoa ugonjwa huu ukaleta ule. Peleka sampuli kwa maabara ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, au uulize ofisi ya kilimo ya wadi yako wanapopokelea. Uchukue hivi: jembe safi, ndoo ya plastiki (ya bati huchafua sampuli kwa zinki), utembee shambani kwa kona kona kama nyoka, na kila hatua kadhaa uchimbe kina cha shubiri moja na kukwangua kipande chembamba cha udongo kutoka juu hadi chini. Sehemu 15 hadi 20 zinatosha kwa nusu ekari. Pita mbali na mahali palipokuwa na boma, kichuguu, njia, na ile sehemu mnayomwaga jivu. Changanya yote, uanike kivulini juu ya gazeti, kisha ubebe nusu kilo tu. Nimewahi kuletewa udongo uliochotwa chini ya mwembe mmoja karibu na mlango kwa sababu "huko mbali kuna umande". Majibu yalitoka mazuri sana, na shamba likaendelea kufa njaa.

pH, yaani kipimo cha uchachu (namba ikishuka uchachu umepanda), ikisomeka chini ya 5.5, chokaa ina kazi. Kwa mashamba machachu ya magharibi mwa Kenya kiasi ambacho hupendekezwa mara nyingi ni tani 2 kwa hekta, yaani kama kilo 800 kwa ekari. Kwako ni kilo 400, mifuko 8 ya kilo 50. Ikiwa mfuko wa pesa haufiki huko, weka minne mwaka huu na minne mwakani. Haiozi, na ukishafikisha kiasi itakufanyia kazi misimu kadhaa. Nunua chokaa ya kilimo, ile ya jiwe lililosagwa laini. Jiwe lenyewe linachimbwa hapo Koru, njia ya Muhoroni, kwa hivyo usikubali bei ya kitu kilichotoka ng'ambo. Na uusome mfuko. Mwaka mmoja, duka moja ambalo sitalitaja liliniuzia chokaa ya kujengea; vijana wangu walishinda siku nzima wakinawa mikono iliyowasha, na nilikuwa nimevaa kofia ya mtaalamu.

Iwekwe lini? Sasa ni Januari na mvua ndefu tunaitarajia Machi. Chokaa huhitaji muda na unyevu ili ifanye kazi, kwa hivyo iwe ardhini angalau wiki tatu au nne kabla ya kupanda. Imwage asubuhi kusipokuwa na upepo, isambae sawasawa, kisha uilime iingie shubiri moja. Ikibaki juu juu haitafika penye mizizi. Usiichanganye na DAP wala na samadi mbichi siku moja, la sivyo naitrojeni itapaa kama moshi, na harufu hiyo utakayoisikia puani ni pesa zako zinaondoka.

Sasa tuje kwa ng'ombe, maana hapa ndipo penye utajiri ambao hujauhesabu.

Nimeingia maboma mengi ya Vihiga na Kakamega, na picha ni ileile. Ng'ombe amefungwa chini ya parachichi. Asubuhi mtu anachota samadi kwa pawa na kuirusha kwenye lundo lililo wazi. Aprili mvua inapiga lundo, maji ya rangi ya chai yanatiririka kuelekea chini, na huko chini kuna shina la ndizi nene kama nguzo ya stima, mkungu umeinama hadi ardhini. Wageni wote wanaisifu ndizi hiyo. Mama, ndizi hiyo inakula mahindi yako. Na mkojo ndio unaopotea zaidi: karibu nusu ya naitrojeni anayoitoa ng'ombe iko kwenye mkojo, na kwa wengi wetu mkojo huishia kwenye tope.

Fanya mambo mawili ya bei nafuu. La kwanza, mwekee ng'ombe matandiko: mabua aliyoyakataa, majani makavu, takataka za nyasi. Yatafyonza mkojo. La pili, lundo lipate paa. Mabati mawili makuukuu juu ya fito nne yanatosha, na kama hata hayo hayapo, tandaza majani ya migomba chini, panga samadi na matandiko juu yake, kisha ulifunike lote kwa majani ya migomba. Ligeuze kila wiki mbili au tatu. Chomeka kijiti kirefu katikati na ukiache humo. Ukikichomoa kikiwa cha moto na chenye unyevu, lundo linapika. Kikiwa kikavu, nyunyizia maji. Kikiwa baridi na kinanuka, limekosa hewa, ligeuze. Baada ya miezi miwili au mitatu utapata kitu cheusi, chepesi, kisichonuka, ambacho ukikifinya mkononi hakikuachii doa la kinyesi.

Ni kiasi gani? Ng'ombe mmoja anayelishwa vizuri zizini, ukijumlisha matandiko, anaweza kukupa karibu tani moja ya mbolea kavu kwa mwaka. Ikiwa imetunzwa, tani hiyo ina naitrojeni ya kilo 10 hadi 15. Iliyonyeshewa hubaki na nusu ya hapo au chini. Hapo mwanao atashangilia: kilo 12 zinashinda 4 na nusu! Mwambie asubiri. Samadi haitoi naitrojeni yote msimu wa kwanza. Sehemu kubwa huachiliwa polepole, misimu inayofuata. Na fosforasi yake ni kidogo, kilo mbili tatu hivi. Ukiacha ya dukani kabisa kwenye shamba lililofilisika, utapata mwaka mmoja au miwili ya njaa kabla udongo haujarudi, na najua nusu ekari inalisha watu wangapi Vihiga, kaunti ambayo sensa ya 2019 ilikuta watu zaidi ya 1,000 kwa kila kilomita ya mraba. Kinachofanya kazi ni vyote viwili katika shimo moja. Samadi huipunguzia aluminiamu makali na kuisaidia fosforasi isidakwe yote, na mbolea ya dukani huziba pengo la haraka.

Panda hivi. Mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo 50, mbegu mbili kwa shimo. Nusu ekari itakupa mashimo zaidi kidogo ya 5,000. Kila shimo konzi mbili za samadi iliyoiva, kisha kifuniko kimoja cha soda cha mbolea ya kupandia, funika kwa udongo kidogo ili mbegu isiguse mbolea, ndipo uweke mbegu. Kilo zako 25 zitatosha mashimo hayo. Kama utapata NPK (yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu) badala ya DAP, chukua, maana na potasiamu nayo imekuwa ikitoka (kumbuka munyu), mradi usiidhani ni dawa ya uchachu. Halafu kuna jambo ambalo hukulitaja, nami nadhani hukulitaja kwa sababu hulifanyi: mbolea ya kukuzia. Mahindi yakifika magotini, baada ya palizi na udongo ukiwa na unyevu, weka CAN kilo 25. Hizo ni naitrojeni kilo 6 na nusu, na tofauti na DAP, CAN huja na kalisiamu kidogo ndani yake.

Dawa ya majani ya agroveti? Hifadhi pesa yako. Jani haliwezi kunyweshwa kijiko likashiba kilo kwa kilo.

Kayongo sasa. Watu hulihesabu kama balaa lililojileta, lakini gugu hili hupenda shamba lenye njaa, na sababu yake ni ya ajabu. Mizizi ya mahindi ikikosa fosforasi hutoa kemikali fulani udongoni kuita kuvu rafiki, wale wanaoisaidia mimea kuchota fosforasi ya mbali. Mbegu za kayongo zimelala humo zikisikiliza. Zikisikia mwito zinaamka, zinajishika kwenye mzizi na kunyonya. Kwa hivyo mahindi yako yanaita msaada na mwizi ndiye anayefika. Ukilisha shamba, mwito unapungua. Ndiyo maana chokaa na samadi ni dawa ya kayongo pia, ingawa si ya kutosha peke yake: mmea mmoja unaweza kumwaga mbegu zaidi ya 50,000, laini kama vumbi la unga, na zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikingoja. Usingoje ua la zambarau lichanue. Ling'oe kabla, hata kama mahindi yameshakomaa na unaona haina faida; faida ni ya mtoto wako. Usiling'oe na kuliacha kwenye mtaro, na usimpe ng'ombe lenye mbegu, maana litarudi shambani kupitia lundo lako.

Dawa ya kudumu ninayoiamini ni ile ya vuta sukuma iliyotengenezwa na watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, wakishirikiana na wenzao wa Rothamsted wa Uingereza, na ikaingia mashamba ya wakulima tangu miaka ya 1990. Katikati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, ambayo mizizi yake huziamsha mbegu za kayongo na kisha kuzizuia zisijishike, zikafa njaa. Harufu yake pia huwafukuza nondo wa funza wa mabua, huku nyasi ya nepia au brakiaria iliyopandwa kuzunguka shamba ikiwavuta wakatage huko. Desmodiamu inaongeza naitrojeni, inafunika udongo usichukuliwe na mvua kwenye mteremko, na ng'ombe anaipenda. Nakwambia na uchungu wake pia: mbegu ni ghali (omba vikonyo kwa mwenye nayo, hushika vizuri mvua ikianza), msimu wa kwanza palizi ni ya kupiga magoti kwa sababu mche wake ni mdogo na wasaidizi wataung'oa wakidhani ni gugu, na maharagwe hukosa nafasi yake ya kati ya mistari. Hayo maharagwe yapande kwenye shimo la mahindi au kati ya shimo na shimo. Mama wengi wameacha vuta sukuma kwa sababu ya maharagwe tu, hakuna aliyewaambia hili. Anza na robo ya shamba, ile iliyoshambuliwa zaidi.

Na ukiwa unapalilia maharagwe, yakianza kutoa maua, chimba shina moja uangalie vinundu mizizini. Kipasue kimoja kwa ukucha. Ndani kikiwa chekundu au cha waridi kama nyama, kinafanya kazi ya kutengeneza naitrojeni. Kikiwa cheupe au kijani, au usipoona vinundu kabisa, maharagwe yako yanakula tu kama wageni wengine. Kwenye udongo mchachu mara nyingi huwa hivyo, na huenda ndiyo maana ukavuna debe moja. Maharagwe huumizwa na uchachu kabla ya mahindi, kwa hivyo baada ya chokaa yatakuwa ya kwanza kukushukuru. Viazi vitamu na mihogo huvumilia. Kama kuna kona utakayokosa chokaa yake mwaka huu, vipeleke huko.

Umesikia pia labda kuhusu ule mmea wa uzio wenye maua ya manjano kama alizeti na majani machungu, tithonia, uliofanyiwa utafiti sana kule Maseno. Majani yake ni mbolea kweli, yanaoza ndani ya wiki chache. Lakini sehemu kubwa ya jani bichi ni maji. Kulisha nusu ekari utabeba mizigo mpaka mgongo ukatae. Mimi huyakata ya kando ya barabara nikayafukia kwenye sukuma wiki nyuma ya jikoni, na kwa mahindi nayaacha.

Mikaratusi basi. Angalia mistari yako: kama mahindi yamedumaa hatua tano au kumi kutoka mpakani halafu yananyooka, hapo mti unakunywa maji na chakula chako, na hiyo ni hasara ya ukanda huo tu. Zambarau ya shamba zima haikutoka kwa jirani. Usiende kwa chifu. Mwarifu jirani, kisha kiangazi hiki chimba mtaro upande wako, sambamba na mpaka, kina cha futi mbili hadi tatu, ukate mizizi yote inayovuka. Panga udongo upande wa juu wa mtaro ili maji ya mteremko yasiugeuze korongo. Mizizi itarudi, kwa hivyo uupitie tena kila Januari kwa panga.